Thomas Clarkson, Shemasi Aliyekusanya Majina



Ni nani kati yetu ambaye hajapata kuombwa kutia sahihi karatasi nje ya kanisa baada ya ibada? Pengine ni habari ya zahanati isiyo na dawa, pengine ni daraja lililochukuliwa na mafuriko. Tunaandika jina, tunarudisha kalamu, tunakwenda zetu nyumbani kula, na baada ya miezi miwili hakuna akumbukaye tena karatasi ile. Wako hata wanaosema waziwazi kwamba kazi hiyo ni kupoteza wino bure. Kwa ajili yao hasa tumeona vema kusimulia maisha ya Thomas Clarkson, shemasi wa Kanisa la Uingereza. Jina la William Wilberforce, aliyewatetea watumwa Bungeni, twalijua tangu shuleni. Clarkson ndiye aliyemletea Wilberforce ushahidi wa kusema, na majina ya wananchi waliosimama nyuma ya ushahidi huo.

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1760 katika mji mdogo wa Wisbech, mashariki ya Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi na mwalimu mkuu wa shule ya mji ule, naye alifariki Thomas akiwa na umri wa miaka sita tu. Mama mjane akawalea watoto. Thomas alikuwa kijana mrefu, mwenye nywele nyekundu na akili nyingi, akapelekwa shule London, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka wa 1783 aliwekwa wakfu kuwa shemasi. Ukasisi hakuupata kamwe, na sababu yake tutaiona.

Mwaka wa 1785 mkuu wa Chuo Kikuu, Kasisi Peter Peckard, alitoa swali la mashindano ya kuandika kwa Kilatini: je, ni halali kuwatia watu utumwani bila hiari yao? Peckard alikuwa ameguswa na habari za merikebu iliyoitwa Zong. Mwaka wa 1781 mabaharia wake waliwatupa baharini Waafrika wapatao 130 wakiwa hai, kisha wenye merikebu wakaenda mahakamani kudai fedha za bima, kana kwamba waliotupwa ni magunia. Clarkson aliingia katika mashindano akitaka sifa tu. Jambo lenyewe hakulijua. Lakini alipoanza kusoma vitabu na kuwauliza watu waliofika Afrika na visiwa vya West Indies, usingizi ulimtoka. Alishinda, akasoma insha yake mbele ya wakubwa wa Chuo, akapanda farasi kwenda London kutafuta cheo katika Kanisa.

Hakufika akiwa mtu yule yule. Karibu na kijiji cha Wadesmill alishuka farasi, akaketi kando ya njia. Wazo moja lilikuwa limemshika: kama yale aliyoyaandika ni ya kweli, basi hapana budi atokee mtu wa kuyakomesha. Alikuwa na umri wa miaka 25. Tumesoma habari za wito wa watu wengi wa Mungu, wengine kwa ndoto na wengine kwa sauti. Wa Clarkson ulikuja kwa njia ya kazi ya shule, na kwa sababu yake cheo alichokuwa akikifuata London kiliachwa.

Insha ikachapwa kwa Kiingereza mwaka wa 1786 na mchapaji mmoja wa madhehebu ya Marafiki, ambao wengi huwaita Maquaker. Hawa walikuwa wamekwisha kupeleka Bungeni ombi la kupinga biashara ya watumwa mwaka wa 1783. Lilipokewa kwa adabu, likawekwa kando. Tarehe 22 Mei 1787 watu 12 walikutana London katika duka la mchapaji huyo kuunda kamati. Tisa walikuwa Maquaker, na watatu wa Kanisa letu: Granville Sharp, Philip Sansom na Clarkson. Wilberforce akakubali kuwa msemaji wao Bungeni.

Inatupasa kueleza kidogo jinsi mambo yalivyokuwa. Siku zile watu waliokuwa na haki ya kupiga kura Uingereza walikuwa wachache mno. Mji mkubwa wa Manchester haukuwa na mbunge hata mmoja. Lakini sheria ya mwaka wa 1689 ilimpa kila raia haki ya kumpelekea mfalme ombi lake bila kuadhibiwa, na ilikuwa desturi ya zamani kupeleka maombi Bungeni vilevile. Ombi liliandikwa, watu wakatia sahihi chini yake, likakunjwa kama mkeka, na mbunge akalibeba mpaka mezani pa Bunge. Kwa wengi hiyo ndiyo ilikuwa sauti yao pekee.

Basi Clarkson akapanda farasi tena, safari hii kwenda bandari za Bristol na Liverpool, kwenye makao ya biashara yenyewe. Aliingia usiku katika vilabu vya pombe ambamo mabaharia walileweshwa ili waandikishwe merikebuni. Alidondoa majina ya mabaharia wapatao 20,000 kutoka katika orodha za merikebu ili ajue nani alikufa na nani alirudi. Wakubwa wa serikali walikuwa wakisema kwamba biashara ile ilikuwa shule ya mabaharia wa taifa. Clarkson aliwaonyesha kwa hesabu kwamba ilikuwa kaburi lao. Katika duka moja la Liverpool alinunua pingu, minyororo ya miguu, na chombo cha chuma cha kupanulia kinywa cha mtumwa aliyekataa kula. Vitu hivi viliuzwa hadharani dirishani. Huko huko Liverpool, siku ya dhoruba, watu wanane au tisa walimzunguka kwenye gati wakitaka kumsukuma baharini. Aliwaona mapema, akawapenya kwa nguvu akatoka. Mwili mkubwa nao ni karama.

Jambo tunalopenda zaidi katika habari zake ni hili. Wafanya biashara walidai kwamba watumwa wote walikuwa wafungwa wa vita waliouzwa kwa haki. Clarkson alisikia kwamba yuko baharia mmoja aliyepanda mto huko Calabar katika mitumbwi ya wenyeji na kuona jinsi watu walivyotekwa. Jina la baharia hakuambiwa, wala jina la merikebu. Alizunguka bandari za jeshi, akapanda merikebu moja baada ya nyingine, mamia kwa jumla, akiuliza swali lile lile. Mwishowe, huko Plymouth, akampata. Aliitwa Isaac Parker. Naye alieleza mbele ya kamati ya Bunge jinsi mitumbwi ilivyojificha mchana na kuvamia vijiji usiku, ikikamata wanaume, wanawake na watoto. Sisi wengine tukitumwa kumtafuta shahidi tukamkosa nyumba ya kwanza, husema hayupo.

Katika mwezi wa Oktoba 1787 aliombwa kuhubiri katika kanisa kuu la Manchester. Alipoingia alikuta umati mkubwa, na kando ya mimbari wamesimama watu weusi wapatao 40 au 50. Haukupita muda mrefu ombi la Manchester likapelekwa Bungeni likiwa na sahihi zaidi ya 10,000. Miji mingine ikafuata, na mwaka wa 1788 yalifika maombi zaidi ya 100. Waafrika wenyewe hawakukaa kimya. Olaudah Equiano, aliyetekwa utotoni na kujikomboa kwa fedha zake, alimpelekea Malkia ombi mwaka ule ule, na Clarkson alimwandikia barua ya kumtambulisha kwa watu wa Cambridge. Mwingine, Thomas Peters, aliyetoroka utumwani Marekani, alivuka bahari kutoka Nova Scotia mwaka wa 1790 akiwa na ombi la wenzake walionyimwa ardhi waliyoahidiwa. Angeweza kukamatwa njiani na kuuzwa tena. Kwa sababu ya ombi hilo, ndugu yake Clarkson, Luteni John, aliwasafirisha watu karibu 1,200 mpaka Sierra Leone mwaka wa 1792.

Mwezi wa Aprili 1791 Wilberforce alileta hoja Bungeni akashindwa, kura 163 kwa 88. Hapo ndipo wengi wangekunja jamvi. Kamati ilifanya jambo la busara: ilichapa muhtasari wa ushahidi wote, na Clarkson akausambaza nchini, akiwasihi watu wasome kwanza na kutia sahihi baadaye. Wengi wakaacha kutumia sukari ya West Indies, na Clarkson alikadiria kuwa walifika 300,000. Mwaka wa 1792 yalifika Bungeni maombi 519 yenye sahihi karibu 390,000. Halikuwahi kuonekana jambo kama hilo. Wabunge wakakubali kwamba biashara ikome, lakini polepole. Baraza la Malodi likaahirisha. Kisha ikaja vita na Ufaransa, na kila aliyedai haki akahesabiwa kuwa mchochezi.

Clarkson akavunjika. Alikuwa amesafiri maili 35,000 kwa miaka saba, mara nyingi usiku. Mikono ilitetemeka, sauti ilikwisha, na fedha za urithi wake zilipungua sana. Mwaka wa 1794 aliacha kazi, akaenda kulima karibu na ziwa Ullswater, akamwoa Catherine Buck mwaka wa 1796. Wako wanaoiona miaka ile kuwa doa katika maisha yake. Sisi hatuoni hivyo. Eliya naye alilala chini ya mretemu, na Bwana alimpa mkate, hakumpa karipio.

Mwaka wa 1804 akarudi kazini, akapanda farasi tena. Tarehe 25 Machi 1807 sheria ya kukomesha biashara ya watumwa katika merikebu za Kiingereza ikatiwa sahihi. Mwaka wa 1814, mapatano ya amani yalipoiruhusu Ufaransa kuendelea na biashara hiyo kwa miaka mitano, maombi yakamiminika tena, yakiwa na majina kama 750,000 katika muda wa wiki chache, hata serikali ikalazimika kulipeleka jambo hilo mbele ya mataifa yaliyokutana Vienna.

Lakini biashara ilikomeshwa, watumwa wakabaki. Clarkson alikuwa na umri wa miaka 63 alipoanza kuzunguka nchi upya mwaka wa 1823, safari hii kutafuta uhuru wenyewe. Na hapa akina mama wa Umoja wasikie: mwaka wa 1792 wanawake kwa kawaida hawakutia sahihi, maana ilidhaniwa si kazi yao. Mwaka wa 1833 lililetwa Bungeni ombi la wanawake lenye sahihi 187,000. Lilikuwa kubwa hata likahitaji wabunge wanne kulibeba. Sheria ya uhuru ikapita mwaka ule, ikaanza kazi tarehe 1 Agosti 1834, ingawa wengi waliendelea kufanyishwa kazi kwa lazima kwa jina la uanagenzi mpaka 1838.

Tusifiche lililo baya. Serikali ililipa pauni milioni 20, na zote zilikwenda kwa wenye watumwa. Waliotumikishwa hawakupata hata senti. Na mmoja wa waliolipwa kilikuwa Chama cha Kueneza Injili cha Kanisa letu wenyewe, kilichokuwa na mashamba ya Codrington huko Barbados: pauni 8,823 kwa ajili ya watu 411. Wakati Clarkson alipokuwa akilala njiani, maaskofu walikuwa wakipokea hesabu za sukari ya shamba hilo. Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza iliomba radhi mwaka wa 2006. Tunayaandika haya kwa sababu kuna wanaodhani kwamba ombi la haki hupelekwa serikalini tu.

Uzee wake haukuwa mtamu. Macho yalifunikwa na mtoto wa jicho, akakaa karibu kipofu mpaka alipopasuliwa. Mwana wake wa pekee alikufa katika ajali ya gari la farasi mwaka wa 1837. Mwaka uliofuata wana wa Wilberforce walitoa kitabu cha maisha ya baba yao kilichompunguzia Clarkson sifa yake, ingawa baadaye waliomba radhi. Mwaka wa 1840, akiwa na miaka 80, alifungua mkutano wa London wa watu wa nchi nyingi waliopinga utumwa. Alifariki Playford tarehe 26 Septemba 1846, akazikwa katika uwanja wa kanisa la kijiji.

Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa bado wazi siku ile. Lilifungwa mwaka wa 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini likawekwa mahali pale. Wasomaji waliopata kuabudu humo wanajua tunachosema.

Katika safari zake zote Clarkson alibeba sanduku la mbao. Alilifungua mbele ya watu kabla ya kuwaomba sahihi, na ndani yake mlikuwa na nguo za pamba zilizofumwa Afrika, pilipili, pembe, na mbao za rangi mbalimbali, ili waone kwamba watu wale walikuwa mafundi na wakulima, na kwamba ingewezekana kufanya nao biashara ya haki. Sanduku hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Wisbech, mji aliozaliwa.