Irving Stein: daktari aliyeona kwa macho ugonjwa unaotafutwa leo katika damu

KISANGANI – Mwanamke wa Makiso au Mangobo anayetoka kwenye ekografi na karatasi yenye herufi nne, SOPK, huenda hajui kwamba ugonjwa huo ulibeba kwa miaka mingi majina ya watu wawili. Vitabu vya Kifaransa vya udaktari viliuita ugonjwa wa Stein na Leventhal. Wa kwanza, Irving Freiler Stein, alizaliwa Marekani mwaka 1887, akapata shahada ya udaktari Rush Medical College, Chicago, mwaka 1912, na jina lake likajulikana kwa kazi aliyoifanya katika hospitali ya Michael Reese ya mji huo.

Stein alipenda picha. Ekografi haikuwepo bado, na radio ya kawaida haikuonyesha vizuri viungo vya uzazi. Kwa hiyo aliingiza gesi kwa sindano ndani ya tumbo la mgonjwa, kisha akapiga radio. Gesi ilitenganisha viungo, na ovari, yaani vifuko vya mayai ya mwanamke, zikatokea kama vivuli. Kwa wagonjwa fulani vivuli hivyo vilikuwa vikubwa kupita kawaida. Wanawake hao walifanana pia kwa mambo mengine: walipitisha miezi bila kwenda mwezini, hawakushika mimba, na baadhi yao waliota ndevu au walikuwa wanene.

Pamoja na Michael Leventhal, aliyekuwa mdogo kwake kwa umri, Stein alikata kipande kidogo cha ovari ili akichunguze tu. Hapo likatokea jambo ambalo hawakulitafuta: wanawake waliokatwa walianza kwenda mwezini. Wakaamua kukata zaidi, nusu hadi robo tatu ya kila ovari. Mwaka 1935 walitangaza habari za wanawake 7. Wote 7 walirudia mwezi wao, na 2 walipata mimba. Watu 7 ni wachache mno kwa utafiti, lakini kwa mara ya kwanza wanawake wa namna hiyo walipewa jina la ugonjwa wao pamoja na njia ya kuutibu.

Katika miaka hiyo Kisangani iliitwa Stanleyville, na utawala wa Wabelgiji ulihangaika juu ya uzazi mdogo katika sehemu za kaskazini, hasa Uele na Tshuapa. Ila huko sababu kubwa ilikuwa nyingine: magonjwa ya zinaa yaliyoziba mirija ya uzazi. Hata leo mambo haya mawili huchanganywa, na mwanamke anatibiwa ya moja kumbe ana ya pili. Na pale dawa isipofaa, jirani anataja uchawi.

Stein alikosea juu ya chanzo. Aliona ngozi nene na nyeupe juu ya ovari, akafikiri ndiyo inayozuia yai kutoka. Kwake ovari kubwa ilibaki kuwa alama ya lazima, hata maabara zilipoanza kuleta habari nyingine. Mwaka 1958 watafiti walikuta katika mkojo wa wanawake hao homoni ya LH, ile inayoamrisha ovari, ikiwa nyingi kupita kiasi. Baadaye damu yao ilionyesha pia testosteroni, homoni ya kiume, kuzidi. Ndiyo inayoleta ndevu na chunusi. Upasuaji wake nao ulipungua, kwa kuwa makovu yaliweza kunatisha viungo na kuziba mirija yenyewe. Toka miaka ya 1960 dawa ya klomifeni ilichukua nafasi ya kisu.

Stein alifariki mwaka 1976. Miaka 4 baadaye, utafiti wa mwaka 1980 ulionyesha kwamba wengi wa wanawake hawa wana insulini nyingi katika damu. Mwili hausikii insulini vizuri, kongosho inatoa zaidi, na wingi huo unasukuma ovari kutengeneza homoni ya kiume. Ajabu ni kwamba huko Ufaransa, Achard na Thiers walikuwa wameandika juu ya wanawake wenye ndevu na ugonjwa wa sukari tangu mwaka 1921, miaka 14 kabla ya Stein.

Toka mkutano wa Rotterdam wa mwaka 2003, daktari hutafuta mambo 2 kati ya 3: mwezi unaoruka, homoni ya kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi. Kwa hiyo ekografi peke yake haitoshi, jambo ambalo Stein asingelikubali kwa urahisi. Mwaka 2023 OMS ilihesabu kwamba ugonjwa huu unagusa wanawake 8 hadi 13 kwa kila 100 walio katika umri wa kuzaa.

Vipimo vya homoni ni ghali. Lakini utepe wa kupima kiuno, mashine ya tansio na kipimo cha sukari ni vya bei ndogo, na vinaonyesha sehemu ya ugonjwa ambayo radio ya Chicago haikuiona. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unataka sukari ipimwe mara tu ugonjwa unapojulikana, kisha kila mwaka 1 hadi 3, hata kama mwanamke ni mwembamba.