Mafurungu ya Magadi: Maisha ya Leslie Brown, Mlinzi wa Ndege wa Bonde la Ufa

Wapishi wetu wa pwani wanayajua magadi. Kibonge kidogo kikitiwa katika chungu cha kunde au cha mahindi makavu, kilicho kigumu hulainika. Watumiaji wa tumbaku nao wanayajua, kwani wao huyasaga wakayachanganya. Lakini ni wachache miongoni mwetu wajuao kwamba magadi hayo hayo, huko yatokako katika maziwa ya Bonde la Ufa, huweza kumfunga miguu kiumbe asiye na hatia mpaka akafa. Na ni wachache zaidi wanaomjua mtu ambaye magadi yalimuunguza miguu yake mwenyewe, akapona, kisha baada ya miaka minane akatoka kwenda kuwafungua wengine. Mtu huyo ni marehemu Leslie Brown. Leo napenda kuwaeleza wasomaji maisha yake, kwa kuwa naona mna mazingatio ndani yake kwa kila mtu atafutaye riziki yake majini.

Brown alizaliwa India mwaka 1917, wazazi wake wakiwa Waskoti. Alisoma huko Uskoti katika Chuo Kikuu cha St Andrews, na mwaka 1940 akaajiriwa na Serikali ya kikoloni ya Kiingereza kuwa Bwana Shamba katika nchi ya Nigeria. Mwaka 1946 alihamia Kenya. Hapana haja ya kuficha: alikuja akiwa mtumishi wa ukoloni, na alipanda vyeo mpaka akawa miongoni mwa wakuu wa Idara ya Kilimo, akaitumikia mpaka wakati wa uhuru. Kazi yake ilikuwa mahindi, udongo na ng'ombe. Mapenzi yake yalikuwa kwa ndege.

Alipokuwa akifanya kazi Embu alikuta kilima kimoja ambapo tai wa aina mbalimbali walijenga viota vyao karibu karibu. Mtu mwingine angetazama, akastaajabu, akapita. Yeye alirudi pale mwaka baada ya mwaka, akiandika ni yupi aliyetaga, lini, na kama kifaranga ameishi au amekufa. Wenyeji walimsaidia kuvijua viota na kuvifikia. Kutokana na subira hiyo kilitoka kitabu chake juu ya tai mwaka 1955, na mwaka 1968, akishirikiana na mtaalamu wa Kimarekani Dean Amadon, alitoa kitabu kikubwa juu ya tai, mwewe na kozi wa dunia nzima. Hapo tunapata somo la kwanza: kumjua ndege si kumtazama mara moja. Ni kumrudia.

Kutoka kwa tai, macho yake yaligeukia Bonde la Ufa. Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru hupita maziwa matatu yaliyojipanga. La kwanza ni Naivasha, lenye maji matamu. Kisha lipo Elmenteita, na mwisho Nakuru lenyewe, na haya mawili ni ya maji ya magadi ambayo hayanyweki. Pamoja na ukali wa maji hayo, humo huota mwani mdogo sana usioonekana kwa jicho, ambao ndio chakula cha heroe mdogo, ndege mrefu wa rangi ya waridi ambaye wengi siku hizi humwita flamingo. Heroe huinamisha kichwa, akaugeuza mdomo wake juu chini, akayachuja maji kwa ulimi kama mtu achujaye tui. Katika miaka ya neema, ndege hawa waliwahi kuhesabiwa zaidi ya milioni moja katika ziwa la Nakuru peke yake, ufuo wote ukawa umepakwa rangi.

Ndipo lilipokuja swali lililomnyima Brown usingizi: je, malaki yote haya ya heroe wadogo huzaliwa wapi? Nakuru walikuwa wakila tu. Mwaka 1954 aliruka kwa ndege ndogo juu ya ziwa Natron, mpakani mwa Kenya na Tanganyika, akaona katikati ya tope la magadi viota vya heroe vimetapakaa, mbali na kila mtu na kila mnyama. Jibu la fumbo lilikuwa pale.

Lakini kuliona jambo kutoka juu hakukumtosheleza. Alitaka kuvifikia viota hivyo kwa miguu. Akaanza kutembea juu ya gamba la magadi, na gamba likawa likivunjika chini yake, akazama katika tope la moto na la kuwasha. Maji ya magadi yakaingia ndani ya viatu, yakaganda humo, na kila hatua ikawa kama kukanyaga vigae. Hakuvifikia viota. Alirudi kwa taabu kubwa, akiwa karibu na mauti, miguu imeungua na kuvimba. Alilazwa hospitali kwa wiki kadhaa, na ngozi ya miguu yake ikalazimu kutiwa viraka. Kitabu alichokitoa mwaka 1959 juu ya siri ya heroe kilinunuliwa kwa ngozi hiyo.

Sasa tufike mwaka 1962. Mwishoni mwa 1961 zilikuwa zimenyesha mvua kubwa ambazo wazee wa Kenya wanazikumbuka mpaka leo. Natron likafurika, mahali pa viota pakazama, na heroe wakahamia ziwa Magadi, upande wa Kenya, zaidi ya jozi milioni moja. Walitaga, wakaangua. Kisha jua likakaza, maji yakapungua na kuwa makali mno. Vifaranga wa heroe hawakai kiotani siku nyingi. Hutoka wakatembea kwa makundi makubwa katika maji ya kina kifupi. Basi kila mguu ulipotoka majini ukakauka, magadi yaliganda juu yake. Ukiingia tena na kutoka, yaliongezeka, mpaka yakawa duara gumu na zito mfano wa furungu. Bibi harusi huvaa furungu kwa furaha. Kifaranga aliyevishwa furungu hili hakuweza kwenda, hakuweza kuruka. Alianguka, akafa kwa njaa na jua, na maiti zikaenea.

Brown alipofika hapo hakuandika ripoti akaondoka. Yeye, pamoja na kijana mpiga picha za sinema Alan Root na watu wengine wa kujitolea, waliingia katika maji yale yale aliyoyajua kwa miguu yake. Wakawa wakimkamata kifaranga mmoja mmoja, wakaligonga furungu polepole mpaka likapasuka, wakamwachia. Makundi mengine yaliswagwa kama kondoo kuelekea kwenye maji yasiyo makali. Waliofunguliwa kwa mikono walifika yapata 27,000. Mtu anaweza kusema kwamba mbele ya ndege zaidi ya milioni hiyo ni tone baharini. Lakini kwa yule kifaranga aliyefunguliwa, tone hilo lilikuwa ndiyo bahari yote.

Baada ya hapo Brown aliendelea na kazi yake, na miongoni mwa mahali alipopachunguza sana ni Naivasha. Pale alihesabu furukombe, tai mweupe wa kichwa alaye samaki, akaona jinsi kila jozi inavyoshika sehemu yake ya ufuo, na jinsi ndege huyo akaavyo saa nyingi mtini bila ya kuwinda, maadamu ziwa lina samaki wa kutosha. Alifariki mwaka 1980, akiwa bado anashughulikia kitabu kikubwa cha ndege wa Afrika, ambacho juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1982, yeye hayupo.

Kwa nini nimekumbusha maisha haya? Kwa sababu mafurungu hayajaisha, ila yamebadilika. Yale ya mwaka 1962 yalifungwa na jua na magadi. Ya leo tunayafunga sisi kwa uzi wa nailoni.

Zamani mshipi wa mvuvi ulikuwa wa pamba. Ukikatika, haukupita muda mrefu majini ila ulioza. Nailoni haiozi upesi. Hukaa miaka na miaka, nyembamba, haionekani, na bado ina nguvu. Naivasha wavuvi wa biashara walianza kutega majarife mwaka 1959, na riziki ya watu wengi imetoka humo. Katika Nakuru, ambayo tangu mwaka 1968 ni mbuga ya taifa na hairuhusiwi kuvuliwa, kulikuwa na samaki mdogo aliyeletwa kutoka Magadi ili ale viluwiluwi vya mbu, na samaki huyo ndiye aliyewavuta mwari na mnandi kuja kwa wingi. Tangu mnamo 2010 maji ya Nakuru yamepanda sana, ukali wake ukapungua, heroe wengi wakahamia Bogoria, samaki wakazidi, na wavuvi wa siri wakafuata samaki. Penye mvuvi pana uzi, na penye uzi pana wa kutupwa.

Nilipokuwa Naivasha nilimwona mnandi ananing'inia kwenye tawi la mgunga, mguu umeviringwa na uzi ambao hakuna aliyekuwa akiutafuta. Alikuwa amekwisha kukauka. Chini yake watu walikuwa wakiparura samaki, wala hakuna aliyeinua kichwa. Siwalaumu. Hata huku kwetu pwani membe na yangeyange hupatwa na hayo, na sisi hupita.

Basi nini la kufanya? Mshipi uliokatika uviringwe, utiwe mfukoni, urudi nyumbani. Ukichomwa au ukikatwa vipande vifupi vifupi kabla ya kutupwa jaani, hauwezi tena kufunga kitu. Akionekana ndege aliyenaswa, uzi usivutwe, kwani huzidi kukata nyama. Afunikwe kichwa kwa kitambaa ili atulie, na kama ni korongo ashikwe mdomo, kwa kuwa hulenga macho. Uzi ukatwe wote kwa mkasi, asiachiwe akaruka na kipande. Ndoana ikiwa imepenya, isirudishwe nyuma: isukumwe mbele, likatwe lile jino lizuialo samaki asichomoke, ndipo itolewe. Na palipo na maafisa wa Wanyamapori, kama Nakuru na Naivasha, waitwe hima. Wale wanaojitolea kila Januari kuhesabu ndege wa majini katika maziwa hayo nao huweza kusaidia, kwani macho yao yapo ufuoni.

Mafundisho yetu yametuachia kisa cha ndege aliyenyang'anywa vifaranga wake, akawa anarukaruka kwa huzuni, na Mtume (S.A.W.) akaamuru arudishiwe. Ndege wale walikuwa wawili tu, na hukumu ikatolewa kwa ajili yao. Leslie Brown hakuwa wa dini yetu wala wa nchi yetu, lakini amali yake ya Magadi inafahamika na kila mwenye insafu. Yeye alikuta mafurungu yaliyofungwa na maumbile, akainama kuyavunja, na mikono haikumtosha. Sisi ya kwetu tunayafunga wenyewe, na kuyazuia hakuhitaji zaidi ya kuinama mara moja na kuokota uzi.