Balint: Daktari aliyewafunza madaktari kusikiliza

MICHAEL Balint, mtoto wa daktari, alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1896. Mwaka 1939 alihamia Manchester, Uingereza, na mwaka huohuo mkewe, Alice, akafariki dunia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, katika Kliniki ya Tavistock, London, alianza kuwafunza madaktari wa kawaida tiba ya mazungumzo. Aliamini ustadi huo haupatikani kwa mihadhara, kwani unamtaka daktari abadilike yeye mwenyewe. Hivyo walikutana kila wiki, kwa miaka, wakijadili wagonjwa wao.

Kitabu chake cha mwaka 1957 kiliueneza utaratibu huo. Balint alifariki dunia Desemba 1970, lakini vikundi vyenye jina lake vingali vikikutana katika nchi nyingi.