Mzee Gosse na bahari ndani ya kioo

Baada ya mwezi wa Ramadhani nilijitia kufuga samaki wa bahari hapa nyumbani Port Reitz. Nikapata tangi la vioo la lita 100, nikateka maji ya hori kwa madebe, na siku ile ile nikatia vitatange wawili. Siku ya tatu wote walikuwa wamelala ubavu. Jirani yangu aliyewahi kuwa mzamiaji alinicheka. Maji ya hori msimu wa mvua, akasema, si maji ya bahari, na tangi jipya halina bakteria wa kuvunja sumu ya uchafu wa samaki. Hungoja wiki nne, hata sita.

Aibu ile ndiyo iliyonipeleka kwa Philip Henry Gosse, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1810 na kukulia Poole, mji wa bandari kama wetu. Baba yake alikuwa mchoraji wa picha ndogo za watu, akizunguka kutafuta wateja, na nyumbani hela ilikuwa haba. Akiwa na miaka 17 kijana alivuka bahari hadi Newfoundland kuwa karani. Baadaye akajaribu ukulima Canada ukamshinda, akasomesha watoto wa matajiri wa pamba Alabama, akayachukia aliyoyaona wakitendewa watumwa. Popote alipokwenda alichora wadudu na ndege. Jamaica peke yake alikaa karibu miaka miwili.

Alikuwa mcha Mungu wa kupindukia. Kila konokono kwake ilikuwa ni ishara ya Muumba, jambo ambalo Muislamu hana taabu ya kulielewa.

Mwaka 1852, akiwa mgonjwa kwa kazi nyingi, madaktari walimtaka apumzike, akaenda pwani ya Devon na mkewe Emily na mtoto wao mdogo Edmund. Huko alishinda mwambani maji yakipwa. Swali lake lilikuwa lile langu: mbona viumbe vikitiwa chomboni vinakufa? Mkemia Robert Warington alikwisha kuonyesha kwamba katika maji baridi mmea na samaki hutegemeana, mmea ukitoa hewa anayoivuta samaki. Gosse akafanya vivyo hivyo kwa mwani wa bahari, akiutia tangini pamoja na kipande cha jiwe ulichoshikilia. Wanyama wakaishi.

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na Gosse ndiye aliyeipelekea wengi wa viumbe wake. Mwaka uliofuata akatoa kitabu chake, The Aquarium, chenye picha za rangi alizochora mwenyewe. Hata walio mbali na bahari aliwafundisha kuchanganya chumvi wakapata maji yanayofaa. Kikauzwa sana. Kila sebule ya mwenye uwezo ikataka tangi.

Mwaka 1857 ulimwendea vibaya. Emily alifariki kwa saratani ya titi. Mwaka huo huo Gosse alitoa kitabu kingine, Omphalos, akitaka kupatanisha umri wa mawe na kisa cha kuumbwa dunia. Wanasayansi wakamcheka, na watu wa dini nao hawakumpokea. Akahamia Devon na mwanawe.

Lakini lililomuumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni pwani yenyewe. Wasomaji wake waliteremka kwa makundi na ndoo na patasi, wakabandua kila kilichoshika mwambani. Edmund, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, aliandika mwaka 1907 kwamba vidimbwi alivyocheza utotoni vilikuwa vimeshaporwa, na kwamba baba yake alijua ni vitabu vyake vilivyowaleta. Mzee alifariki mwaka 1888.

Nayasoma haya nikisikia ndege zikipaa. Uwanja wa Moi ni hapa hapa, na samaki wa rangi waliovuliwa kwenye matumbawe yetu, tangu Shimoni hadi Kilifi, husafirishwa ng'ambo kwa ndege, mmoja mmoja ndani ya mfuko wa maji. Vijana wetu wanapata riziki kwa kazi hiyo na siwalaumu. Lakini wale vitatange wangu wawili niliwauwa bure, tena mimi sikuwa hata na njaa.

Tangi bado lipo dirishani. Maji niliyafuata bahari kubwa, upande wa Likoni, mwezi wa bamvua. Lina mwani, jiwe moja na konokono watatu. Leo ni wiki ya nne.