Benedikto wa Nursia, Aliyefundisha Watu Kukaa Pamoja

Twajua sote ya kuwa ni vyepesi kumpenda ndugu aliye mbali, na ni vigumu kumvumilia yule alaye nasi katika sahani moja. Kwa hiyo mwezi huu twataka kuwaeleza maisha ya mtu wa kale aliyejifunza jambo hili kwa taabu, kisha akaliandika kwa faida ya wengine. Habari zake twazipata hasa katika kitabu cha Gregori Mkuu, askofu wa Rumi, kilichoandikwa karibu na mwaka 593. Gregori alizisikia kwa wanafunzi wa Benedikto wenyewe.

Benedikto alizaliwa karibu na mwaka 480 katika mji wa Nursia, ulio milimani mwa Italia, katika jamaa ya watu wenye cheo. Siku zile utawala wa kaisari katika Rumi ulikuwa umekwisha tangu mwaka 476, na wafalme wa kigeni walikuwa wakiitawala nchi. Alipopata ujana alipelekwa Rumi kusoma. Huko akaona vijana wengi wakizama katika anasa, akaogopa asije akaanguka shimoni pamoja nao. Akaviacha vitabu, akaiacha na mali ya baba yake, akatoka mjini. Yaya aliyemlea akafuatana naye kwa muda, walakini hata yeye akamwacha, akaenda peke yake mpaka Subiaco, mahali pa miamba na mapango. Mtawa mmoja, jina lake Romanus, akamvika vazi la utawa. Tena akaupunguza mkate wake mwenyewe ili amlishe, akiushusha pangoni kwa kamba ndefu iliyofungwa kengele ndogo. Hivyo Benedikto akakaa miaka mitatu akiomba.

Hata siku zilipopita, sifa zake zikaenea. Palikuwa na nyumba moja ya watawa ambayo abati wake, yaani baba wa nyumba, amekufa. Wakamwendea Benedikto wakamsihi awe mkuu wao. Kwanza akakataa, akawaonya ya kuwa mwenendo wao na wake havitapatana. Walakini walipozidi kumsihi, akakubali. Akaanza kuwanyosha, asimwache mtu kugeuka kuume wala kushoto kama walivyozoea. Ndipo wakajuta. Walipenda kuhesabiwa kuwa na mtu mtakatifu nyumbani mwao, lakini hawakupenda kugeuzwa naye. Chuki ikawashika hata wakatia sumu katika divai yake. Gregori asimulia kwamba Benedikto alipoifanyia ishara ya msalaba, kile chombo kikapasuka kana kwamba kimepigwa jiwe. Naye hakuwalipa ubaya. Akamwomba Mungu awarehemu, akaondoka, akarudi Subiaco.

Huko watu wengi wakamfuata, akawajengea nyumba kumi na mbili, na kila nyumba watawa kumi na wawili. Wakaja wana wa wakuu wa Rumi, wakaja na maskini. Miongoni mwao alikuwako Mgoti mmoja mnyonge, wa kabila lile lililoitawala Italia. Akapewa mundu afyeke miiba kando ya ziwa. Alipokuwa akifyeka kwa nguvu zake zote, chuma kikaruka kutoka mpini, kikazama majini. Yule mtu akatetemeka, akaenda kuungama kwamba ameharibu chombo cha nyumba. Gregori asema ya kuwa Benedikto alitia mpini majini, na chuma kikapanda kikaingia mahali pake. Akamrudishia mundu wake, akamtuma aendelee na kazi bila huzuni. Twaona hapo moyo wa mchungaji: chombo kilirudi, na zaidi ya chombo, mtu mnyonge aliondolewa hofu yake.

Baadaye kasisi mmoja wa jirani akamhusudu sana. Benedikto hakushindana naye, bali akatoka Subiaco pamoja na ndugu wachache. Karibu na mwaka 529 akapanda mlima wa Monte Cassino, ambapo watu wa shamba walikuwa wakiabudu bado katika hekalu la Apollo. Akaivunja sanamu, akaibomoa madhabahu, akajenga nyumba ya sala, akawahubiri watu wa kando kando. Hapo akakaa hata kufa kwake.

Hapo tena ndipo alipoandika Kanuni yake, yenye sura 73. Kitabu hiki ni kidogo, nacho chasema habari za mambo ya kila siku. Siku imegawanywa kwa sala, na kazi ya mikono, na kusoma. Zaburi zote 150 huimbwa katika juma moja. Ndugu wote hupikiana kwa zamu, isipokuwa mgonjwa au mwenye shughuli kubwa zaidi. Naye amalizaye zamu hufua vitambaa, huwaosha wenzake miguu, na kuvirudisha vyombo vikiwa safi na vizima. Mtunza ghala huagizwa aviangalie vyombo vyote vya nyumba kana kwamba ni vyombo vya madhabahuni. Mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe, na zaidi mgeni maskini, kwa sababu tajiri huheshimiwa bila kuagizwa. Mtu aliyezaliwa huru asitangulizwe mbele ya aliyekuwa mtumwa kwa ajili ya kuzaliwa kwake. Penye shauri kubwa ndugu wote waitwe, hata vijana, kwa kuwa mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo jema.

Tena Benedikto alijua ya kuwa miiba ya ugomvi huota katika kila nyumba. Kwa hiyo aliagiza kwamba asubuhi na jioni Sala ya Bwana isemwe kwa sauti, wote wakisikia, ili wajikumbushe ahadi yao ya kusameheana. Na waliogombana wapatane kabla jua halijachwa, kama Paulo alivyowaandikia Waefeso. Mtawa aliahidi kukaa na ndugu wale wale siku zote, asihame-hame kila atakapochukizwa. Naye abati aliagizwa asisugue kutu kwa nguvu nyingi, chombo kisije kikavunjika. Hatuwezi kulisoma agizo hilo tusikumbuke kile chombo kilichopasuka siku za ujana wake.

Walakini Kanuni peke yake haitoshi, na Benedikto alionyeshwa hilo na dada yake Skolastika, aliyekuwa amejitoa kwa Mungu tangu utoto. Walikuwa wakikutana mara moja kila mwaka. Katika mkutano wao wa mwisho dada akamsihi akae usiku ule wazungumze habari za mbinguni. Benedikto akakataa, kwa kuwa haikuwa ruhusa kulala nje ya nyumba. Dada akainamisha kichwa akaomba, na mara mvua ya ngurumo ikashuka hata mtu asiweze kutoka mlangoni. Wakazungumza mpaka asubuhi. Siku ya tatu Skolastika akafa. Gregori aeleza kwamba dada alishinda kwa sababu alipenda zaidi.

Benedikto alimfuata karibu na mwaka 547, akifa amesimama katika nyumba ya sala, huku wanafunzi wake wakimshika mikono. Nyumba ya Monte Cassino ilibomolewa mara nyingi: na Walombardi, na Waarabu mwaka 883, na tetemeko la nchi mwaka 1349, na mabomu ya vita tarehe 15 Februari 1944. Kila mara ilijengwa tena. Watawa wa Kanuni hii walifika hata nchi ya Tanzania, wakajenga Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906.

Labda msomaji atauliza, sisi Walutheri tuna nini na watawa? Ni kweli, mwaka 1521 Martin Luther aliandika kitabu juu ya nadhiri zao, akakana kwamba mtu aweza kujipatia haki mbele za Mungu kwa nadhiri. Neno hilo twalishika, kwa kuwa twaokolewa kwa neema. Walakini Luther huyo huyo, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliagiza kila mwenye nyumba awafundishe watu wake kuomba asubuhi na jioni, na baada ya sala ya asubuhi waende kazini kwa furaha. Basi yaliyo mema katika nyumba ya Benedikto hayahitaji ukuta wa watawa. Nyumba ya mkulima yaweza kuwa na sala asubuhi na jioni. Jembe laweza kuoshwa na kuwekwa mahali pake kwa heshima. Baba aweza kumsikiliza mtoto katika shauri la nyumba. Nao wazee wa usharika waliokosana katika baraza waweza kutafutana jioni ile ile, kabla jua halijachwa, wasingojee mchungaji aje kuwapatanisha.