CHIFU KOINANGE NA KABURI LA BABU YAKE

Ndugu msomaji, ukitoka Bahati au Kaloleni ukashuka mjini, ni vigumu kukosa kuipita Koinange Street, ambayo zamani iliitwa Sadler Street. Lakini waulize wenzangu wa kidato cha tatu Koinange huyu alikuwa nani, wengi watakwambia ati alikuwa waziri. La hasha! Waziri alikuwa mwanawe, Mbiyu. Mwenye barabara ni baba mtu, Chifu Koinange wa Mbiyu.

Alizaliwa Kiambu katika karne ya 19, kabla ya reli kufika. Siku hizo hapakuwa na ramani ya shamba wala hati. Ardhi iliitwa githaka, nayo ilikuwa mali ya mbari, yaani ukoo. Mpaka ulikuwa mto, mti au jiwe, na shahidi alikuwa mzee anayekumbuka nani alimlipa nani mbuzi. Magomvi yakizuka, wazee waliketi wakaamua.

Kisha mkoloni akaja na sheria zake. Wapimaji walivuta minyororo yao, wakasimika bikoni, wakachora ramani, na karani akaandika jina la Mzungu kwenye daftari. Sheria ya mwaka 1915 ilimruhusu mlowezi kukodi shamba kwa miaka 999. Mwaka 1921 mahakama kuu iliamua kwamba Mwafrika ni mpangaji tu katika ardhi ya serikali. Hebu fikiria, mtu kulala mwenye shamba na kuamka mpangaji!

Sasa hapa ndipo Koinange ananishangaza. Yeye alikuwa chifu wa serikali hiyo hiyo, akila mshahara wake. Angeweza kunyamaza, maana mkono unaokulisha hauumwi. Hakunyamaza. Yeye na machifu wenzake wa Kiambu walikuwa katika chama cha Kikuyu Association, wakilalamikia ardhi kwa upole na kwa barua. Mwaka 1931 alisafiri mpaka London pamoja na James Mutua na Ezekiel Apindi, wakatoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge la Uingereza.

Mwaka 1932 iliundwa tume ya ardhi iliyoongozwa na Morris Carter. Koinange alidai shamba la ukoo wake lililokuwa mikononi mwa walowezi. Lakini hati angeitoa wapi? Basi alifanya jambo ambalo linasimuliwa hadi leo: alifukua kaburi la babu yake, mifupa ionekane, ili ijulikane nani alilala pale kwanza. Kwa Mkikuyu wa enzi hizo kugusa maiti ilikuwa mwiko mkubwa, kwa hivyo si jambo la mchezo. Mimi naona ile mifupa ndiyo iliyokuwa hati yake.

Je, ilimsaidia? Ripoti ilipotoka mwaka 1934, nyanda za juu zilibaki za Wazungu, zaidi ya maili mraba 16,000, na Wakikuyu wakapewa fidia ndogo tu. Tangu hapo mzee alibadilika. Aliunga mkono shule ya Githunguri iliyoanzishwa na mwanawe mwaka 1939, na Jomo Kenyatta akamwoa binti yake. Tarehe 7 Oktoba 1952 Chifu Waruhiu aliuawa, hali ya hatari ikatangazwa, na mzee Koinange akakamatwa, akawekwa kizuizini kwa miaka mingi.

Na sikilizeni kinaya hiki. Wakati yuko kizuizini, serikali ilianza mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Vishamba vilivyotawanyika viliunganishwa, vikapimwa, na kila kipande kikaandikwa jina la mtu mmoja kwenye rejista. Hati ambazo Mwafrika alinyimwa zamani sasa zilitolewa, huku wengi wakiwa kizuizini. Aliyekuwepo na aliyekuwa na mdomo aliandikiwa. Muhoi, yule aliyelima kwa ruhusa ya mbari, hakuandikwa popote, na kina mama wengi vivyo hivyo. Lazima tuseme kweli: Koinange mwenyewe alikuwa tajiri wa mashamba, hakuwa muhoi. Ila alijua uchungu wa kuambiwa kwako si kwako.

Alifariki mwaka 1960, miaka mitatu kabla ya uhuru.

Kwa nini nimemwandika kwenye gazeti letu? Kwa sababu sisi wa Eastlands tunamhusu. Kaloleni, Ziwani, Bahati na Shauri Moyo zilijengwa na mkoloni ili mfanyakazi apange, asimiliki. Wako wazee waliozaa na kulea humo, na wanachoweza kuonyesha ni risiti za kodi tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli, lakini Koinange ametufundisha tuulize pia: ni nani aliyeshika kalamu ya hilo daftari?