Warren Johnson: Mwalimu aliyeunganisha joto la darasa na boila

KUANZIA Juni hadi Agosti, baridi ya nyanda za juu za Mkoa wa Songwe haina mzaha. Mjini Tunduma, ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, madereva wanaosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, hulala ndani ya malori yao wakiwa wamejikunyata chini ya mablanketi. Majumbani, jiko la mkaa ndilo kipasha joto cha wengi, ingawa hewa yake imekwisha kuua watu waliolala nalo milango ikiwa imefungwa.

Nyumba yenye boila ya kupasha joto vyumba ni kitu cha nadra katika pande hizo. Hata hivyo, neno thamostati si geni Tunduma. Mafundi wa malori wanakifahamu kifaa hicho kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wa kutosha. Wengi wao hukitoa na kukitupa pindi injini inapochemka, tiba ambayo mara nyingi huuficha ugonjwa badala ya kuuponya.

Thamostati hiyo ya injini ina ndugu yake, ile inayobandikwa ukutani kuamuru boila iwake au izime. Safari ya ndugu huyo mpaka kufikia kompyuta ilipitia mikononi mwa mwalimu mmoja wa Marekani, Warren Seymour Johnson, aliyefariki dunia mwaka 1911.

Johnson alizaliwa Novemba 6, 1847, katika kijiji cha Leicester, jimbo la Vermont, na akiwa bado mtoto familia yake ilihamia Wisconsin, jimbo lenye majira ya baridi makali ambayo theluji huweza kukaa kwa miezi. Ujanani alishika kazi nyingi: uchapaji, upimaji ardhi, ualimu na usimamizi wa shule. Mwaka 1876 aliajiriwa kufundisha katika chuo cha ualimu cha Whitewater, jimboni humo humo.

Huko ndiko alikokutana na kero iliyobadili maisha yake. Jengo la chuo lilipashwa joto na tanuri lililokuwa chini kabisa ya jengo. Mhudumu wa tanuri hakuwa na njia ya kujua hali ya madarasa ila kwa kupanda ngazi, kufungua mlango wa kila darasa katikati ya somo, kutazama kipimajoto ukutani, kisha kushuka tena kufungua au kufunga vilango vya hewa. Akimaliza mzunguko mmoja, darasa la kwanza lilikwisha kubadilika. Wanafunzi waliganda au walitoka jasho, na mwalimu alikatizwa somo mara kwa mara.

Tatizo lilikuwa umbali. Mahali pa kupima joto palikuwa juu, mahali pa kulirekebisha palikuwa chini, na kati yao kulikuwa na miguu ya mtu mmoja.

Johnson, aliyekuwa na mapenzi makubwa na umeme, alitia waya mahali pa ile miguu. Ndani ya darasa aliweka utepe uliounganishwa kwa metali mbili tofauti. Kwa kuwa metali hizo hazitanuki sawa zinapopata joto, utepe hupinda. Ukipinda kiasi fulani huunganisha mkondo wa umeme, na kengele hulia kule chini kwa mhudumu. Julai 24, 1883 alipata hataza ya chombo hicho.

Hapa lazima haki itendeke kwa wengine. Johnson hakuwa wa kwanza kufikiria moto unaojitawala. Mholanzi Cornelis Drebbel, aliyefariki mwaka 1633, alikwisha kutengeneza tanuri lililofunga hewa lenyewe joto lilipozidi, na akalitumia hata kutotolea vifaranga. Jina lenyewe la thamostati lilitolewa na Andrew Ure wa Scotland katika mwaka 1830. Tena kifaa cha kwanza cha Johnson hakikurekebisha chochote. Kilimwarifu binadamu tu, naye ndiye aliyefungua au kufunga.

Lakini taarifa ya joto ilikuwa sasa imegeuzwa kuwa alama ya umeme, yenye majibu mawili tu, imeunga au haijaunga, na kwa sababu hiyo iliweza kusafiri mbali. Hilo ndilo jambo kubwa la maisha yake, na huenda yeye mwenyewe hakulipa uzito huo, maana hakukaa nalo kwa utulivu.

Tajiri mmoja wa Milwaukee, William Plankinton, ambaye familia yake ilikuwa katika biashara ya nyama, alikubali kumpa mtaji. Johnson aliacha ualimu, na Mei 1, 1885 ikasajiliwa kampuni ya Johnson Electric Service mjini Milwaukee. Mwaka huo huo mvumbuzi mwingine, Albert Butz wa Minneapolis, alibuni mtambo uliofungua na kufunga hewa ya tanuri bila mtu. Kazi yake iliingia baadaye katika ukoo wa kampuni ya Honeywell, na ushindani wa kampuni hizo mbili ulidumu kwa zaidi ya karne.

Jibu la Johnson kwa majengo makubwa lilikamilika mwaka 1895, alipopata hataza ya mfumo wa kutumia hewa iliyoshindiliwa. Kila chumba kilikuwa na thamostati yake, na utepe ulipopinda ulibadilisha mgandamizo wa hewa katika mrija mwembamba. Hewa hiyo ilisukuma vali ya bomba la mvuke la chumba hicho, ikafunga au kufungua. Vyumba viliweza kutofautiana joto ingawa boila ilikuwa moja, na mhudumu hakuwa tena na sababu ya kupanda ngazi.

Mtu mwingine angetulia hapo na kuhesabu fedha. Johnson hakuweza. Alitengeneza saa za minarani, ikiwamo ya jengo la halmashauri ya jiji la Milwaukee, na saa kubwa mno ya maua iliyowekwa kwenye maonyesho ya St. Louis mwaka 1904. Aliingia katika simu ya upepo, na chombo chake kikaonyeshwa Paris mwaka 1900. Kijana Lee de Forest, aliyekuja kupata sifa kwa vali ya redio, aliwahi kufanya kazi chini yake. Kisha akayageukia magari ya mvuke, na kampuni yake ikapata kazi ya kubeba barua za posta mjini Milwaukee kwa magari badala ya farasi.

Jumla ya hataza zake zilipita 50. Nyingi kati ya kazi hizo hazikuleta faida, na gharama zake zilibebwa na zile thamostati zilizokwisha kumchosha. Ni vigumu kuamua kama huo ulikuwa udhaifu au ndiyo tabia iliyomwezesha kuvumbua kitu hapo mwanzo.

Alifariki dunia Desemba 5, 1911, mjini Los Angeles, akiwa na umri wa miaka 64. Mwaka uliofuata uongozi ulishikwa na Harry Ellis, ambaye aliachana na magari na biashara nyingine na kuirudisha kampuni kwenye joto la majengo peke yake.

Uamuzi huo ulizaa matunda ambayo Johnson hakuyaona. Mwaka 1972 kampuni ilitoa mtambo ulioitwa JC/80, mojawapo ya kompyuta ndogo za kwanza zilizoundwa kwa ajili ya kuongoza mitambo ya majengo. Mwaka 1974 ikachukua jina la Johnson Controls.

Kompyuta inapounganishwa na boila ya nyumbani leo, njia ni ile ile ya Whitewater. Kwa boila nyingi, thamostati ya ukutani ni swichi yenye nyaya mbili, zikigusana boila inawaka. Kompyuta husoma joto kutoka kwenye kihisio, hulilinganisha na kiwango kilichotakiwa, kisha huamuru rilei iguse au iachie zile nyaya. Huachiwa nafasi kidogo, mathalani kuwasha katika nyuzi 19 na kuzima katika nyuzi 21, la sivyo boila ingewaka na kuzima kila dakika mpaka iharibike.

Swichi ya usalama iliyo ndani ya boila yenyewe haikabidhiwi kompyuta. Programu ikikwama huku rilei imeshika, hiyo ndiyo inayokata moto kabla maji hayajachemka kupita kiasi.

Kwenye majengo makubwa, mhudumu naye hajatoweka. Amekaa mbele ya skrini, na chumba kinapopoa au kupata joto kuliko ilivyopangwa, kompyuta humpigia kengele.